Vishindo vya Saa Kumi na Robo

Jumanne, 3 Machi

Kwa Mpangaji wa Ghorofa ya Juu,

YAHUSU: VISHINDO KATIKA DARI YANGU

Husika na somo la hapo juu. Mimi ni mpangaji wa chini, moja kwa moja chini ya miguu yako. Nimekuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja, na sasa ni mstaafu, yaani mtu ambaye kazi yake iliyobaki ni kulala kidogo alasiri. Tangu mlipohamia wiki tatu zilizopita, hata kazi hiyo imenishinda.

Kila siku ikifika saa kumi na robo, dari yangu hupigwa vishindo kwa dakika kumi mfululizo. Juzi nilihesabu 118. Jana 121. Leo chokaa ilidondoka kwenye kikombe changu cha chai, nikaacha kuhesabu ili niiopoe.

Naomba maelezo kwa maandishi. Ningeweza kupanda ngazi tukaongea, ila kazi imenifunza kwamba neno la mdomo hukanwa, la karatasi hubaki.

Wako katika utulivu uliotoweka,
Karani Mstaafu

Nakala: Jalada


Jumatano, 4 Machi

Shikamoo Mzee,

Barua yako imenikuta bado nina joto la pasi mwilini. Nafanya kazi kwenye dobi ya hospitali, tunanyoosha mashuka tangu alfajiri, natoka saa tisa. Samahani sana. Samahani tena.

Vishindo unavyovisikia ni vya fundi wa sakafu. Vigae vya chumba cha ndani vimeachia, anavigonga virudi mahali pake. Ni fundi mzuri, ila ana mkono mzito. Nimemwambia apunguze.

Sisi wenyewe ni watu wawili tu, mimi na binti yangu wa miaka tisa. Huyo hutamsikia kabisa, ni mtoto mtulivu kupita kiasi, anapenda vitabu. Ndiye atakayesukuma barua hii chini ya mlango wako. Usihangaike kumfungulia.

Samahani kwa chai.

Mama wa Juu


Jumatatu, 9 Machi

Marahaba, Mama wa Juu.

YAHUSU: FUNDI

Rejea barua yako ya tarehe 4. Nimeisoma mara tatu na nina maswali, usiyachukue kwa ubaya.

Katika maisha yangu nimewaita mafundi wengi. Sijapata kumwona hata mmoja aliyefika siku aliyoahidi. Huyu wako anaanza saa kumi na robo kamili, Jumapili ikiwemo, na anamaliza saa kumi na dakika ishirini na tano bila kuomba chai wala nyongeza. Mtu wa aina hiyo hafai kufichwa. Akitoka kwako apite kwangu, bawaba za mlango wa jiko zinalia kama mbuzi.

La pili, kwa dakika kumi kwa siku, vigae vya chumba kimoja vitakwisha mwaka gani?

La mwisho si swali. Wapangaji wenzangu watano nao wanasikia, na kwa pamoja tumemwandikia mwenye nyumba. Atafika Jumamosi tarehe 21, saa kumi kamili, sebuleni kwangu. Ajenda ni moja tu: vishindo, na ikibidi, mpangaji wa juu atafute nyumba nyingine. Nakuarifu mapema kama inavyotakiwa.

Karani Mstaafu

Nakala: Jalada, Mwenye nyumba


Jumanne, 10 Machi

Shikamoo Mzee,

Nimesoma barua yako nimesimama, ikabidi nikae.

Tafadhali, kikao hakina haja tena. Kazi ya sakafu imekwisha ghafla. Fundi amepata msiba mkubwa kwao na ameondoka leo asubuhi. Nasikia na yeye mwenyewe hali si nzuri, wanasema huenda tusimwone tena. Ukisikia kishindo kimoja kimoja siku mbili tatu hizi, ni mdogo wake anakusanya vifaa. Kwa nini tumsumbue mwenye nyumba, mtu mwenye shughuli zake?

Kwenye bawaba jaribu mafuta ya kupikia.

Mama wa Juu


Alhamisi, 12 Machi

Mama wa Juu,

YAHUSU: RAMBIRAMBI

Nimepokea habari za fundi kwa masikitiko makubwa. "Huenda tusimwone tena": nimekaa na mashahidi vya kutosha kujua maneno hayo yanafunika nini. Nilipowapitishia habari wapangaji wenzangu, yule muuza miwani wa namba tano alifuta machozi, ingawa juzi tu alikuwa akimwita fundi huyo huyo majina nisiyoweza kuyaandika. Ndani ya bahasha hii kuna kadi yenye sahihi sita. Naomba uifikishe kwa wafiwa.

Nimeona pia kwamba mdogo wake naye anaanza saa kumi na robo. Ukoo huo una nidhamu ya ajabu.

Kikao hakiwezi kufutwa. Wito ukishatoka haurudi, hata kama anayelalamikiwa ametangulia mbele ya haki.

Karani Mstaafu

Nakala: Jalada


Jumamosi, 14 Machi

Kwa Babu wa Chini,

Mimi ndiye ninayesukuma barua chini ya mlango wako. Barua isiyobandikwa inasomeka, kwa hiyo nimezisoma zote tano. Zina makosa.

Fundi hajafa. Hakuzaliwa. Hana mdogo wake. Vigae vyetu havijaachia, nimevikagua vyote themanini na vinne. Anayeruka ni mimi. Naruka kutoka ukingo wa kitanda mpaka sakafuni mara mia moja na ishirini. Hazijawahi kuwa 118 wala 121. Ulikosea kuhesabu siku zote mbili.

Daktari wa watoto alisema nina usonji. Mama alisema neno hilo tusilitaje kwenye ngazi, lakini hapa si kwenye ngazi, ni kwenye karatasi. Usonji wangu uko hivi. Darasani kuna watoto arobaini na watatu, feni mbili, na dirisha moja linalogonga. Wengine wanamsikia mwalimu tu. Mimi navisikia vyote, na vyote vina ukubwa mmoja. Nikifika nyumbani bado vimo kichwani. Nikiruka vinashuka. Nikifika mia moja na ishirini vimekwisha. Mia moja na kumi na tisa haitoshi, nilishajaribu.

Wewe pia una kelele. Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi unaimba bafuni ubeti mmoja tu, wa pili huujui. Saa moja unasema "chai tayari," halafu kinasikika kikombe kimoja. Jioni unagombana na redio na redio haikujibu. Sijakuandikia malalamiko kwa sababu kelele zako zina ratiba, na mimi napenda ratiba.

Nina swali moja. Nilimuuliza Mama akaniambia nikanywe maji. Nilikunywa, na swali bado lipo. Kwa nini Mama alitaka awe fundi kuliko niwe mimi?

Mkaguzi
(Mama ndiye anayeniita hivyo, kwa sababu nakagua)


Jumapili, 15 Machi

Mama wa Juu,

YAHUSU: KIELELEZO A

Naambatanisha nakala ya barua niliyoikuta chini ya mlango jana. Ya asili nimeibakiza, kwa kuwa imeandikwa kwangu.

Nimefanya uchunguzi. Leo alasiri sikulala. Nilikaa chini ya dari na bakuli la maharage, nikihamisha punje moja kwa kila kishindo. Zilikuwa mia moja na ishirini. Inaniuma kukiri. La ubeti wa pili pia ni kweli.

Rambirambi naziondoa rasmi. Itabidi niwaarifu wapangaji kwamba marehemu hakuwahi kuwepo, na nimeshachana rasimu mbili, sipati mtindo wa kuliandika. Muuza miwani atataka machozi yake.

Swali la mwisho kwenye kielelezo si langu kulijibu. Kikao kipo palepale.

Karani Mstaafu


Jumatatu, 16 Machi

Mzee,

Leo sianzi na samahani, nimekwisha kuzitumia nyingi mno. Nimewahi kumwomba radhi mtu wa dukani kisha nikaiomba radhi na mizani yake.

Fundi nilimzaa kwa uongo na nikamuua kwa uongo, na wewe ukamlilia kwa moyo safi. Kwa hilo naona aibu. Sasa nisikilize.

Nyumba ya kwanza nilisema ukweli. Jirani akaniambia nimpe huyo mtoto wiki moja tu na fimbo, atanirudishia mzima. Nyumba ya pili nikasema ukweli nusu, tukapewa siku kumi na nne za kuondoka. Mama mkwe anasema kitu hiki kimetoka upande wangu. Dada yangu anasema atakua ataacha, na amelisema hilo tangu mtoto ana miaka miwili. Baba yake aliona mambo mazito akaenda zake. Simlaumu leo, nina mashuka mengi. Nitamlaumu nikipata likizo. Hapa kwenu nikaona nijaribu uongo kamili. Nimegundua watu humsamehe fundi. Mtoto wa namna yangu hasamehewi, na mama yake ndiyo kabisa.

Tulipohama mara ya mwisho aliacha kusema kwa miezi miwili. Miwili, Mzee. Nilikuwa napika huku nauliza maswali na kujijibu mwenyewe kwa sauti ndogo. Hapa amepata mwalimu aliyemwachia kiti cha pembeni na kumruhusu kuziba masikio, na shule iko hatua mia nne na kumi na mbili kutoka mlangoni kwetu, amezihesabu. Mkituondoa, sijui kama safari hii sauti yake itarudi. Hilo ndilo linalonilaza usingizi wa mang'amung'amu, wala si dari yako.

Swali lake sijamjibu. Leo nimenyoosha mashuka mia mbili nikilitafuta jibu. Nimechoka kumwona akitazamwa na watu, hilo ni la kwanza, ndilo ninalojiambia. La chini yake ni baya zaidi. Nimemwonea haya mwanangu, huyu anayekagua vifungo vyangu kila alfajiri ili nisitoke nimekosea. Nampenda mpaka kifua kinauma, na bado nilimwandika fundi. Sijui vinakaaje pamoja moyoni mwa mtu mmoja, ila vimo.

Jumamosi nitakuja peke yangu. Yeye atabaki juu.

Mama wa Juu


Jumatano, 18 Machi

Kwa Mheshimiwa Mkaguzi,

YAHUSU: WITO

Barua yako ya tarehe 14 imepokelewa. Tangu nistaafu, ni barua ya kwanza kunifikia ikiwa na takwimu sahihi.

Utaratibu unataka anayelalamikiwa asikilizwe kabla ya kuamuliwa. Anayelalamikiwa, kwa maelezo yako mwenyewe, ni wewe. Kwa hiyo unaitwa kufika sebuleni kwangu Jumamosi tarehe 21, saa kumi kamili. Mama yako anaombwa akulete, au basi asikuzuie. Viti vitakuwa tisa. Redio itazimwa. Feni sina.

Kuhusu kikombe, uko sahihi, ni kimoja. Mke wangu ndiye aliyekuwa akipewa cha kwanza. Amefariki miaka minne sasa, na mdomo haujapata taarifa.

Kuhusu swali lako, nimelifikisha panapohusika. Nasubiri jibu kama wewe.

Karani Mstaafu


Alhamisi, 19 Machi

Babu wa Chini,

Nitahudhuria. Viti tisa ni sahihi: wapangaji sita, mwenye nyumba, Mama na mimi.

Kuna tatizo. Kikao kinaanza saa kumi. Dakika kumi na tano baada ya saa kumi ni saa kumi na robo. Siwezi kuahirisha. Uliandika ajenda ni moja, ongeza ya pili.

Mkaguzi


Ijumaa, 20 Machi

Mzee,

Umemwita mwanangu bila kuniuliza. Nilikasirika mpaka nikaunguza shuka mbili za wodi ya wazazi, na msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nilishika ngazi nije nikugombeze kwa mdomo, uache hayo makaratasi yako. Nilipofika ngazi ya sita nikarudi.

Yeye ameshaamua. Ameubandika wito wako kwenye daftari, hajawahi kuandikiwa barua na mtu mzima. Nguo za kesho ameshazitoa. Mimi sijui nitavaa nini wala nitasema nini, na sijui kama mdomo utafunguka.

Tutafika saa kumi kasoro dakika moja. Yeye ndiye aliyepanga.

Mama wa Juu


Jumapili, 22 Machi

Kwa Mama wa Juu na Mkaguzi,

Naambatanisha muhtasari wa kikao. Mwenye masahihisho ayalete kwa maandishi.

1. Kikao kilifunguliwa saa kumi kamili. Waliohudhuria ni tisa. Muuza miwani aliomba iandikwe kwamba hakuwahi kulia.

2. Mwenye nyumba aliuliza anayeruka ni nani. Ikafahamika kuwa ni mtoto.

3. Mama wa Juu hakuchangia.

4. Saa kumi na robo mlalamikiwa aliruka kutoka kwenye kochi la karani mara 120. Wajumbe walihesabu kwa sauti. Walipofika themanini walipotea, wakasahihishwa na mlalamikiwa akiwa hewani.

5. Mwenye nyumba aliuliza chini ya sakafu hii anakaa nani. Akajibiwa hakuna mtu, ni ardhi. Akauliza ni nani mwenye akili aliyemtoa nyumbani kwake Jumamosi.

6. Azimio: mpangaji wa juu abaki. Mtoto awe anaruka chini, sebuleni kwa karani, kila siku saa kumi na robo. Karani alipinga vikali. Kura za wapangaji: sita ndiyo, moja hapana.

7. Mtoto alitulia muda wote.

8. Kikao kilifungwa saa kumi na nusu.

Karani Mstaafu


Jumatatu, 23 Machi

Babu wa Chini,

Muhtasari una makosa matatu.

Kifungu cha saba si kweli. Sikutulia. Nilishika kidole cha Mama chini ya meza nikakiminya mpaka kikabadilika rangi. Alikubali.

Kifungu cha sita kinasema ulipinga vikali. Ulipinga huku unasogeza meza ili nipate nafasi. Leo nilipokuja kuruka ulikuwa umeshatandika zulia la pili.

Kifungu cha tatu ndicho kibaya zaidi. Mama alichangia. Mwenye nyumba alipouliza anayeruka ni nani, watu wote walitazama dari, wakati dari haikuulizwa. Mama akasimama. Alisema maneno kumi na mawili. Sauti ilikuwa ndogo, lakini mimi nasikia vyote. Nadhani hukuandika kwa sababu ulikuwa umeinama unatafuta miwani.

Naomba yaandikwe. Lile swali nililokuuliza, hayo ndiyo yalikuwa jibu.

Mkaguzi


Jumanne, 24 Machi

Mheshimiwa Mkaguzi,

Masahihisho yako yote matatu yamekubaliwa. La nne nalileta mwenyewe, kwa kuwa wewe hupendi habari pungufu. Miwani ilikuwa usoni. Nilimsikia mama yako neno kwa neno. Nimeandika maneno ya mashahidi miaka thelathini na moja bila kuacha hata moja, na Jumamosi mistari ya karatasi ilinipotea machoni. Nikainama ili nisionekane, kisha nikaandika "hakuchangia" kwa sababu lilikuwa neno jepesi zaidi.

Kifungu cha tatu sasa kinasomeka hivi:

"3. Mama wa Juu alisimama, akasema: 'Anayeruka ni huyu. Ni binti yangu, ana usonji, na hapa ndipo kwao.' Wajumbe wote walisikia."

Karani Mstaafu